Rajabu Mkizi na Utafiti wa Hasira

Rajabu Alawi wa Bagamoyo alikuwa na hasira za mkizi, na watu wa mtaa wake wakamwita Mkizi hivyo hivyo. Msimwonee huruma, jina alilitafuta mwenyewe. Alimpa talaka mke wake wa kwanza kwa sababu mchuzi wa papa mkavu ulizidi chumvi. Papa mkavu, jamani! Ulitaka awe na asali? Ualimu mkuu wa shule ulimponyoka siku aliyomrushia mkaguzi chaki mbele ya wanafunzi, na ikampata. Kila akishapoa anajuta, anakwenda kuomba radhi, watu wanampokea, na wiki haijaisha keshawasha moto mwingine. Mambo haya yalimuudhi yeye kuliko walivyoudhika wengine.

Mama yake, Bi Bimdogo, katika ujana wake alikuwa hivyo hivyo, tena na zaidi. Aliwahi kumkimbiza muuza samaki kwa mwiko, nusura amfikishe kijiji cha Mlingotini. Lakini uzeeni mama yule yule ukimvunjia mtungi anacheka, anasema, "Ulikuwa wa kuvunjika huo." Rajabu akimtazama haachi kushangaa. Hasira zile zimekwenda wapi? Zimekufa, au zimejificha kama moto wa makumbi? Na kama zinakufa, zinakufa mtu akifika umri gani? Swali hilo lilimnyima usingizi, maana alikuwa anaikaribia hamsini na hakuona hata dalili.

Akajitahidi, akaingia Chuo Kikuu Dar es Salaam utu uzimani, akasomea nafsi na tabia za watu. Alipomaliza akaomba fedha za utafiti: je, watu wakizeeka wanazimudu hasira zao kuliko vijana? Kamati moja ya fedha za utafiti ikampa kidogo, kwa shingo upande. Wakamwambia, tuonyeshe kitu kwanza, ndipo tukupe za kuendelea.

Rajabu akarudi kwao Bagamoyo, akamwajiri Mihayo, mtu mzima, Mnyamwezi wa Tabora mwenye ulimi kama pilipili. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuchokoza. Mtu anakaribishwa kahawa barazani, Mihayo anamtolea maneno ya kuudhi, na Rajabu yuko pembeni anamwangalia uso, mikono na pumzi.

Akaja Bi Somoe, bibi wa Kizaramo kutoka Zinga. Hata kikombe hajakishika, Mihayo akamwanza: "Ala! Kibibi hiki bado kipo? Mie nilidhani tulishakula ubwabwa wa matanga yake!"

Bi Somoe akacheka mpaka kanga ikamtoka kichwani. "Nife nikuachie nani, mbeba mizigo wee? Mzigo wa babu yako bado uko forodhani, nenda kaubebe!"

Wazee wote wakawa ndio hivyo, Wazaramo kwa Wakwere. Wanatukanwa, wanacheka, wanaomba kahawa nyingine. Akaja Seleman, kijana wa Mbegani aliyerudi kutoka masomoni mjini, akaambiwa neno dogo tu kuhusu viatu vyake. Akasimama, akakunja mikono ya shati, na ikabidi Rajabu aingie kati. Na vijana waliomfuata wakawa moto vile vile. Rajabu furaha ikamjaa. Kumbe umri unapoza! Basi hata yeye siku yake inakuja. Akaiarifu kamati kwamba amekwisha kuona alichokuwa akikitafuta, na kamati ikamtakia heri.

Haukupita muda, Mzee Mwinshehe wa Zinga akafariki. Naye alikuwa mmoja wa waliokuja barazani wakacheka. Rajabu na Mihayo wakaenda kuzika. Jeneza lilipoinuliwa tu, Mihayo akajilaza chali katikati ya njia.

"Hapiti mtu!" akapiga kelele. "Maisha yake yote mvivu huyu tumembeba sisi Wanyamwezi, na leo tena anataka kubebwa? Ashuke, atembee!"

Wazee wakaangua kicheko huku machozi yanawatoka. Bi Somoe akammwagia maji ya kata, naye hakuondoka. Vijana wa mjini ndio waliochafukwa. "Mshenzi gani huyu anachezea maiti?" Walikuwa wanamwendea na ngumi, mzee mmoja akawazuia.

"Mwacheni! Mtani huyo!"

Lahaula! Rajabu ndipo alipozinduka. Mtani! Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo na Wakwere tangu enzi za misafara ya mizigo kutoka bara, na mtani hakasirikiwi, hata akutukanie marehemu wako. Wazee waliujua utani, wakacheka. Vijana waliosomea mjini hawakuujua, wakataka kupiga. Umri hapo uliingiaje? Angepelekwa mtu baki kumwambia Bi Somoe maneno yale, angekula kibao. Na Rajabu amezaliwa ndani ya utani, amekulia humo, hata haukumpitia akilini. Alijilaani njia nzima ya kutoka makaburini.

Angeweza kunyamaza. Nani Dar es Salaam angejua? Lakini yeye hakutaka fedha tu, alitaka jibu. Uongo ungempoza nini? Akaenda kwenye kamati, akaeleza kosa lake lote, akaomba nafasi ya kuianza kazi upya na mchokozi asiye mtani.

Mwenyekiti, Bwana Sharifu, alikuwa sawa na mdogo wake wa mwisho. Alisimama kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mzee." Mzee! Rajabu akaitikia marahaba.

Walimsikiliza. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo fedha za umma zimetumika kuwachekesha wazee?" Wengine wakaficha midomo.

"Mzee wangu," alisema Sharifu, "wahenga walishamaliza, utu uzima dawa. Kila mtu analijua hilo. Sasa tukupe fedha ukatafute nini? Nchi inataka mihogo isiyooza. Kilimo ndiyo siasa sasa hivi."

Damu ikampanda Rajabu mpaka masikioni. Analijua nani? Nani amewahi kuuliza? Glasi ya maji ilikuwa karibu na mkono wake, na mkono uliitaka. Alitamani ampate huyo wa wahenga katikati ya paji la uso. Akajisikia anasema, kwa sauti ya upole ambayo hakuijua imetoka wapi, "Nimewaelewa, wanangu. Ahsanteni."

Sharifu akawageukia wenzake, uso umemchanua. "Mmeona? Tumemnyima fedha na anashukuru! Angekuwa kijana angetupindulia meza. Ushahidi gani mwingine mnautaka?"

Wakacheka, wala si kwa ubaya. Rajabu kifua kilikuwa kinamuuma. Hasira ilikuwa ile ile, haikupungua hata tone. Mdomo tu ndio uliojifunza kufunga, na jibu alilolihangaikia miaka yote likawa ndilo hilo, limemkaa kifuani na hakuna wa kuliandika.

"Bwana Mwenyekiti," alisema, "mimi sijapoa."

"Inshallah utapoa, mzee," alijibu Sharifu kwa upole, akaita mtu wa mihogo aingie.