Fulani wa Kanamkemer

Admin, weka hii lakini ufiche jina langu, maana Lodwar ni ndogo na duka langu linajulikana. Tangu mwezi wa pili mwaka huu nimepoteza kitu kimoja: kusomewa Biblia na mume wangu saa kumi na moja alfajiri. Sijafiwa, sijaibiwa, sijaachwa. Nimepoteza hicho tu, na kinaniuma kuliko kama mngeniambia ana mpango wa kando.

Nina miaka thelathini na tisa. Nilianza kwa kuuza makaa kwa mkebe kando ya barabara, leo nina duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaani Kanamkemer na sijawahi kubebwa na mtu. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nilipoolewa naye hakujua a wala be. Utoto wake wote alichunga mbuzi. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, na kitabu nilichotumia ni Biblia. Mstari mmoja kila alfajiri, kidole changu juu ya chake. Mstari ukawa aya, aya ikawa sura. Biblia ina sura elfu moja mia moja themanini na tisa. Sura moja kwa siku ni miaka mitatu na miezi mitatu. Tuliimaliza tukaanza upya, na safari hii yeye ndiye alikuwa anasoma, mimi nimelala chali nasikiliza. Wanaonunuliwa maua mnisamehe. Mimi hiyo ndiyo ilikuwa anasa yangu.

Tulikuwa na utani wetu pia. Kwenye zile orodha za majina, nani alimzaa nani, alikuwa anakwama mpaka jasho linamtoka. Siku moja nikamwambia, "Baba watoto, sema tu Fulani wa Kanamkemer, twende mbele. Akuj, Mungu mwenyewe, anamjua." Tulicheka mpaka majirani wakaamka. Tangu hapo kila jina gumu ni Fulani wa Kanamkemer. Ilikuwa yetu sisi wawili.

Mwezi wa pili akapata kazi ya madirisha Kakuma. Tulikubaliana atanisomea kwa simu. Alianza vizuri, kisha mara mtandao mbaya, mara chaji imeisha, mara kazi inaanza mapema. Nikaacha kuuliza.

Juzi nikapeleka mabati Kakuma mimi mwenyewe, nikapitia kibanda anachokunywa chai. Mwenye kibanda ni mama wa Sudan Kusini, mjane, nimwite Achol. Mpole, na mzuri, siwezi kudanganya. Hakunijua. Nikamwambia natoka Kanamkemer. Akaweka birika chini.

"Kanamkemer? Kwani ndiyo kwao ile Fulani?"

"Fulani gani?"

"Ya kwa Biblia! Fulani wa Kanamkemer. Fundi nasoma yeye hapa kila asubuhi. Ile mzee nazaa watoto mingi! Mama, mimi nikikuja Lodwar, utanionyesha boma yake?"

Hakuwa ananitania. Huyu mama anaamini kabisa mtu huyo yuko ndani ya Neno. Nilimeza chai ikiwa inachemka. Ningekuta nguo ya mume wangu kwa kitanda chake ningejua pa kuanzia.

Mume wangu alipofika nikamwambia, "Kumbe mtandao wa huku ni mzuri."

Hakukana. "Mama watoto, nilikuwa nakusomea kwa simu hapa, yeye akawa anasogea kusikiliza. Hajui kusoma. Wewe unajua. Na wewe ndiye ulinifundisha, sasa unataka nimnyime?"

"Na Fulani? Huyo pia ulimpa?"

Akavuta birika, akajimiminia chai.

Nikamweleza mchungaji, akacheka mpaka akavua miwani. Dada yangu ndiye alinimaliza: "Wenzako waume zao wako kwa pombe ya busaa, wako yuko Mambo ya Nyakati, na bado unalia?" Nimejaribu kusoma peke yangu. Nikafika kwenye ile sura inayozungumzia upendo na wivu, nikaifunga. Mnaona shida yangu? Achol hana kosa ninaloweza kumshtakia. Hilo ndilo linaniwasha.

Sasa mume wangu ameleta suluhisho lake. Anasema kuanzia Jumamosi atanipigia saa kumi na moja, aweke simu mezani kwa sauti kubwa, tusome watatu. Achol amefurahi, ati atapata dada. Mimi sitaki dada. Namtaka mume wangu asome na asikilizwe na mimi tu, na najua nikilisema hilo kwa sauti nitaonekana ninamzuilia mjane Neno la Mungu.

Nishaurini. Ijumaa saa kumi na mbili jioni nikifunga duka atapiga kutaka jibu langu. Msiniandikie "omba tu dada", kuomba naomba. Niambieni moja kwa moja, kabla ya saa hiyo: Jumamosi nipokee simu, au niizime?