Bua la Mgomba kwa Ajili ya Haji

Juzi nimemwona Haji Forodhani anakunywa urojo, kitambi hicho, na kicheko chake kile kile. Mkono ukaniwasha.

Haji ni jirani yetu wa Makunduchi. Nilipokuwa mdogo, kila Mjomba Khamis, askari aliyerudi kutoka vita vya Kongo, alipopita barazani, Haji alipuliza mfuko wa karatasi akaupasua. Pah! Mjomba akajitupa chini na kanzu yake nyeupe.

"Komando kaanguka!" Baraza zima likacheka.

Bibi alinambia siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya, watu huchapana mabua ya migomba, kinyongo na mikosi yote ikatoka. Mimi, mtoto mjinga, nikaona nikimchapa Haji, Mjomba atapona. Siku ilipofika nikamchapa Haji mpaka bua likachanika na utomvu ukanukia mikononi mwangu.

"Ongeza, mwanangu!" akacheka tu.

Nikageuka kumtazama Mjomba kama kapona. Pale pale kibanda cha makuti kinachochomwa kila Mwaka Kogwa kikatiwa moto, makuti yakaanza kualika kama risasi. Mjomba akanirukia, akanilalia kunikinga. Moyo wake ulidunda mgongoni mwangu, na juu yetu nikamsikia Haji anacheka.

Sasa najua vita vya Mjomba havitoki kwa bua. Bibi anasema kinyongo hakivuki mwaka. Naam, Bibi. Lakini Mwaka Kogwa unakaribia, na safari hii nshachagua bua bichi, nene, limejaa maji. Nitamwamkia Haji kwanza, "Shikamoo." Adabu ninazo.