Siku Kumi na Binti wa Jovia

Harufu ya dawa ya maji ya bwawa ikichanganyika na ya ubani hunirudisha moja kwa moja kwenye ukumbi wa hoteli tuliyokaa nilipokuwa na miaka tisa. Ubani ulifukizwa tangu asubuhi katika chetezo kirefu karibu na mapokezi. Watoto walipita hapo na nguo za kuogelea zinazotiririka maji, wakiacha nyayo kwenye marumaru, na nyuma yao akija mfanyakazi mwenye dekio ambaye sikuwahi kumwona amekasirika. Nje kulikuwa na joto la kiangazi cha Muscat, lile la kumfanya mtu mzima akimbie kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Ndani, baridi ya kiyoyozi ilikutetemesha kabla hujafika kwenye lifti. Hoteli ilikuwa ufukweni, nje kidogo ya mji, baina ya bustani mbili za michezo: moja ya maji, yenye bomba refu la manjano la kutelezea, na nyingine ya mabembea na magari ya kugongana, iliyofunguliwa jua likishaanza kupoa. Ukisimama kwenye roshani ya chumba chetu ulikiona kilele cha lile bomba, na watoto wadogo kama sisimizi wakipanda ngazi zake.

Mwaka ule hatukwenda Zanzibar kama tulivyozoea kila likizo kubwa. Baba alikuwa msimamizi wa kiwanda kimoja Rusayl, na walikuwa wakifunga mashine mpya, hakupata ruhusa. Mama, ambaye ni daktari wa meno, alikuwa keshachukua likizo yake na hakutaka iishie jikoni. Basi Baba akatukodia vyumba viwili vinavyofunguliana kwa siku kumi, yeye akitoka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni. Kutoka nyumbani kwetu Qurum hadi pale hapakuzidi nusu saa, na Mama alicheka njia nzima kwamba tumefunga masanduku makubwa kama mahujaji na tunakwenda kwa jirani. Chumba kimoja walilala wao wawili. Cha pili nililala mimi, mdogo wangu Hamad aliyekuwa na miaka minne, na Dada Jovia aliyekuwa akitulea.

Dada Jovia alikuwa Mganda, na alikuja kwetu nikiwa na miaka sita. Kiswahili chake alikiokota Nairobi, alikofanya kazi saluni kabla ya kuja Oman, na Mama hakuchoka kumsahihisha, naye hakuchoka kusema vilevile alivyozoea. Yeye ndiye aliyejua kwamba sili yai ambalo kiini chake hakijakauka. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni basi la shule liliponishusha, na mikono yake ilinuka mafuta ya nazi na sabuni ya kufulia. Aliniita "maama", akilivuta lile neno kana kwamba halina haraka ya kwisha. "Maama, njoo nikusuke." "Maama, mbona hujamaliza maziwa?" Hamad yeye alimwita Hamad tu. Niliamini jina lile alilibuni kwa ajili yangu, na sikumwambia mtu yeyote jinsi nilivyolipenda.

Kwamba ana mtoto nilijua, lakini nilijua kama mtu anavyojua kuna nchi inaitwa Kanada. Mtoto huyo aliitwa Patience, aliishi na bibi yake huko Mukono, Uganda, na umri wetu ulikuwa mmoja. Nyumbani kwetu simu ya Dada Jovia ilikaa chumbani kwake mpaka kazi ziishe, na alizungumza na kwao siku za Ijumaa. Hotelini, intaneti ilikuwa ya bure na ilifika hadi kwenye bwawa. Tangu siku ya kwanza simu ile haikutoka mkononi mwake, na Mama, aliyekuwa amelala kwenye kiti cha kunyooshea miguu huku kofia imemfunika uso, hakumkataza.

Siku hiyo ya kwanza nilipanda bomba la manjano kwa sababu Dada Jovia aliniahidi kunitazama kutoka chini. Nilishuka nimefumba macho, maji yakaniingia puani, nikaibuka nikikohoa na kumtafuta. Alikuwa ameinua simu kuelekea upande wangu. Nikamkimbilia nione nilivyotoka. Katika picha kulikuwa na bomba, mbingu, na kwenye pembe moja mguu wangu, kuanzia goti kwenda chini. Yeye alikuwa keshaanza kurekodi sauti, akisema haraka kwa lugha nisiyoifahamu, na katikati ya maneno yale yote nikalisikia lile moja ninalolifahamu. Maama.

"Unaongea na nani?" nikamwuliza.

"Na Patience. Anauliza kama ndani ya hilo bomba kuna samaki."

"Uliniona nikishuka?"

"Nilikuona, maama," akasema, na macho yake yalikuwa kwenye simu.

Kuanzia hapo sikuweza kufurahi bila kwanza kuangalia kama yupo mwingine anayefurahi pamoja nami kwa mbali. Dada Jovia alipiga picha meza ya kifungua kinywa, tikiti maji lililochongwa kama ua, taulo letu lililokunjwa likafanana na bata. Majibu yalikuja kwa sauti, sauti nyembamba yenye mikwaruzo, ikicheka na kuuliza, na kila iliposikika uso wa Dada Jovia ulibadilika, ukawa wa mtu ambaye mimi sijawahi kukutana naye. Siku ya tatu akanionyesha picha ya Patience: msichana mwembamba aliyevaa sweta ya kijani ya shule, nywele zimenyolewa, amesimama wima kama askari. "Mnafanana kidogo hapa," akasema, akigusa paji langu la uso. Nikaitazama picha ile kwa muda mrefu nikiomba asiwe amesema kweli. "Hana nywele," nikasema. Akaniambia shuleni kwao wote hunyoa. "Basi hatufanani," nikamjibu, nikaondoka. Jioni ile nikazifumua nywele zangu alizozisuka asubuhi, ili azisuke tena. Kesho yake nikasema tumbo linaniuma. Akaiweka simu kando akanipapasa tumbo kwa kiganja chake cha joto, nikafumba macho nikiona nimeshinda, mpaka simu ilipolia.

Siku ya sita Mama alipanda chumbani kusali alasiri, akatuacha kwenye bwawa la watoto wadogo. Dada Jovia alikaa ukingoni na miguu majini. Mimi nilisimama kwenye vidato vya kuingilia, nimemshika Hamad mkono, kwa sababu alipenda kushuka na kupanda vidato vile bila kuchoka. Simu ikalia. "Mshikilie hapo hapo, maama, dakika moja tu," akasema. "Leo Patience amepata matokeo ya mtihani." Akageuka kidogo. Nikamsikia akiuliza jambo, akasikiliza, kisha akapiga kigelegele. Hakikuwa kikubwa, alikizuia kwa kiganja, lakini watu wawili waligeuka kumtazama. Mimi nilikuwa nimepata daraja la juu muhula ule ule, naye alinikumbatia na kunipa biskuti. Kigelegele hakunipigia.

Nikauachia mkono wa Hamad. Sikumsukuma. Maneno hayo nimejiambia kwa miaka mingi, na ni ya kweli: nilifungua vidole tu. Hamad aliteleza, mdomo wake ukagonga ukingo wa kidato, akazama kwenye maji yasiyofika hata kifuani kwangu. Sikuwahi kuvuta pumzi kabla Dada Jovia hajaingia na nguo zake, simu ameitupa kwenye vigae, na kumtoa. Hamad alikohoa, akatapika maji, akalia. Mama alipotokea mlangoni aliona kwanza taulo lenye damu. Akanyoosha mikono amchukue, lakini Hamad alimng'ang'ania Dada Jovia shingoni na kukataa kumwachia.

"Kumetokea nini?" Mama akauliza. Alimwuliza Dada Jovia, lakini mimi ndiye niliyejibu.

"Dada Jovia alikuwa kwenye simu."

Mama hakupaza sauti. Alimvua Hamad kutoka shingoni kwa nguvu, kidole kimoja kimoja. "Nipe simu," akasema.

"Madam, ilikuwa—"

"Nipe, Jovia. Nnakuachia wanangu, wewe unacheza na simu."

Dada Jovia akaiokota, akaifuta kwa gauni lake ambalo nalo lilikuwa limelowa, akampa. Kisha akanitazama, mara moja tu. "Samahani, Madam," akasema.

Simu ikafungiwa kwenye kasha la chuma ndani ya kabati la Mama. Kwa siku mbili nikapata kila nilichokuwa nakitaka. Nilipopanda bomba, Dada Jovia alisimama chini na kunitazama tangu ngazi ya kwanza hadi nilipoibuka. Alinipigia makofi. Alinisuka mistari myembamba iliyochukua saa nzima. Lakini aliniita kwa jina langu, Zuwena. "Zuwena, njoo nikusuke." "Zuwena, vaa viatu, sakafu ina moto." Alilitamka vizuri, kwa upole, kama mwalimu anayesoma majina darasani, na kila alipolitamka nilihisi nimewekwa mahali pangu na mlango umefungwa.

Siku ya nane mlango baina ya vyumba ulikuwa umeegeshwa, nikamsikia Mama akimwambia Baba kwamba mkataba wa Jovia unamalizika mwezi ujao na haoni sababu ya kuuendeleza. Baba akasema, "Watoto wamemzoea." Mama akajibu, "Wamemzoea kupita kiasi." Nikatoka kwenda roshani. Dada Jovia alikuwa akianua nguo za kuogelea zilizokwisha kukauka zikawa ngumu kama mkate wa jana.

"Mimi ndiye niliyemwachia Hamad mkono," nikamwambia.

Aliendelea kukunja. "Najua. Nilikuona."

"Mbona hukumwambia Mama?"

"Wewe ni mtoto wake. Ningemwambia, angemwamini nani? Na simu nilikuwa nayo. Hapo hukudanganya."

Nilikuwa nimekuja kusema samahani, lakini kilichonitoka ni kingine. Nikamwuliza kama anampenda Patience kunishinda mimi. Akaketi juu ya kiti cha plastiki, nguo ya Hamad mapajani. Nilitaka anidanganye, nadhani alijua hivyo, na ningeupokea uongo wake bila kuuliza swali la pili.

"Wewe nakupenda," akasema. "Lakini Patience nimemzaa, na huu ni mwaka wa tatu sijamshika."

Kesho yake asubuhi, Baba alikuwa bado hajaondoka, tumekaa sote kwenye meza ya kifungua kinywa. Mama alikuwa akimpakia Hamad jibini kwenye mkate, akikwepa upande wa mdomo uliovimba. Nikasema, nikiiangalia sahani, kwamba mimi ndiye niliyemwachia mkono, na kwamba nilifanya makusudi.

"Makusudi kwa nini?" Mama akauliza.

"Alikuwa anampigia Patience kigelegele."

Baba akashusha kikombe. Mama alinitazama, akamtazama Dada Jovia ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kana kwamba kosa ni lake, akainuka akapanda chumbani. Tulisubiri chai ikapoa. Aliporudi alikuwa na ile simu, akaiweka pembeni ya sahani ya Dada Jovia. "Mpigie mwanao," akasema. "Hamad nnaye mimi." Neno la kuomba radhi sikulisikia, si siku ile wala baadaye. Dada Jovia akatoka hadi bustanini, akasimama nyuma ya kioo, ametugeuzia mgongo, na mabega yake yalitikisika nisijue kama anacheka au analia. Siku mbili zilizobaki sikupanda bomba. Nilikalishwa kando ya Mama nikiwatazama wenzangu. Ningependa kuandika kwamba baada ya kusema kweli wivu uliniondoka. Haukuniondoka. Nilikaa pale nikimhesabia Patience kila dakika aliyozungumza na mama yake.

Mkataba uliendelezwa. Dada Jovia alikaa nasi mwaka mmoja zaidi, kisha akasema inatosha, anakwenda kwa mwanawe. Siku ya safari nilikataa kuteremka kwenye gari uwanja wa ndege. Alinigongea kioo, nikageukia upande wa pili.

Bustani ya mabembea haipo tena. Pamejengwa maduka na maegesho makubwa. Hoteli ipo, imeongezwa jengo, na mwezi uliopita tulikwenda kukaa siku mbili: mimi, mume wangu, binti yetu Maya wa miaka miwili, na Grace, anayemlea Maya ninapokuwa kazini. Grace ana mtoto wa kiume kwao Jinja, Uganda. Simu yake hukaa naye, humpigia mwanawe anapotaka, na kila mwaka hurudi kwao mwezi mzima. Hayo ndiyo niliyoweza kuyabadilisha. Maya alipojikwaa kandokando ya bwawa nilimfungulia mikono, naye akanipita akamkimbilia Grace. Nikabaki nimeinama vile vile, mikono wazi mbele ya watu. Nilielewa wakati ule kwa nini Mama alimvua Hamad kidole kimoja kimoja, na niliogopa kwa jinsi nilivyomwelewa vizuri.

Patience sasa ni muuguzi Kampala. Alinitafuta yeye mwenyewe, mwaka jana, akianzia kwenye namba ya Mama ambayo Dada Jovia aliitunza miaka yote hii. Tuliulizana hali, nikampa pole za kazi, akanitumia salamu za mama yake. Kisha akaniambia kwamba katika mojawapo ya picha zilizotumwa kutoka hotelini, mama yake yumo, na mimi nimesimama ubavuni nimemshika mkono. Ndiyo picha pekee iliyomwonyesha mama yake mwili mzima. Kila siku alipotoka shule alichukua simu ya bibi yake, akaifungua picha ile, akaweka kidole gumba juu yangu hadi nisionekane. Nikamwuliza kama alinichukia.

"Hapana," akaandika. "Sikuwa hata nakujua. Nilitaka tu usogee."