Folda ya Kuachwa Nje

Walimwita Rula, na jina hilo hakupewa bure. Amechora ramani za nyumba miaka thelathini na minane, na mpaka leo hawezi kuingia sebuleni kwa mtu bila kuukadiria ukuta kwa jicho. Ukimwambia kitu kiko "karibu tu", atakuuliza sentimita ngapi. Sasa amestaafu nusu: chumba cha kazi ni kile kile cha mbele ya nyumba, meza ya kuchorea chini ya dirisha, kompyuta kwenye kona, na wateja huja mmoja mmoja. Mkewe alifariki miaka miwili iliyopita. Binti yao wa pekee yuko ng'ambo, anasimamia kompyuta za hospitali.

Sasa sikia kosa la huyu bwana, maana ni kosa la akina baba wengi. Miaka yote binti alipopiga simu, Rula alipokea, akaitikia shikamoo, akauliza, "Mzima? Kazi inaenda? Haya, mama yako huyu hapa." Sekunde kumi, hazizidi, kisha akarudi kwenye mistari yake. Kumbe katika nyumba ile kuzungumza ilikuwa kazi ya mtu mmoja, na alipoondoka, simu ikabaki haina wa kupewa. Baba na binti walijuliana hali, wakasikilizana wakipumua, wakaagana. Mwisho hata hizo salamu zikakoma.

Kilichowarudisha ni bakapu, yaani nakala za akiba za kompyuta. Binti aliitengeneza kompyuta ya baba yake, huko huko aliko, ijinakili yenyewe kila siku saa nne asubuhi. Nakala zilikaa kwenye hifadhi ya mtandaoni, ambayo binti naye aliweza kuifungua. Mambo yakienda sawa, alama inakuwa ya kijani. Yakikwama inakuwa nyekundu, na binti anapata ujumbe kwenye simu. Wiki ya tatu ikawaka nyekundu: nafasi imejaa. Simu ya Rula ikalia.

"Shikamoo Baba. Inabidi tuchague folda za kuacha nje. Hii ya Mpira ina nini?"

"Marahaba. Mechi za zamani."

"Mechi! Imekula nusu ya nafasi peke yake. Na matokeo si unayajua?"

"Nayajua, lakini kila nikiangalia huwa natumaini."

Binti akaangua kicheko, kicheko cha mamake kabisa, na Rula akajikuta anacheka naye. Wakapitia folda moja moja. Ramani zibaki, Barua zibaki, Mpira itoke. Walipofika kwenye folda iitwayo Mama, yenye jumbe za sauti ambazo marehemu alikuwa akimtumia mumewe anapokuwa kwenye viwanja vya wateja, hakuna aliyeuliza kitu. Wakaipita wote wawili. Mazungumzo yalichukua dakika arobaini na tatu. Rula alizipima.

Kesho yake kijani. Keshokutwa kijani. Wiki tatu kijani tupu, na simu kimya. Mtu akiwa peke yake hata kijiko kinampigia kelele kikombeni. Rula alikuwa mpweke, tusimfichie, na alimtaka mwanawe. Akautazama mraba mdogo kando ya Mpira, ule ambao ukitiwa tiki folda hunakiliwa. Penye nia pana njia. Akautia tiki. Saa nne nyekundu, saa nne na robo simu.

"Baba, Mpira imerudi ndani!"

"Ah, hii mashine ina mambo yake, mwanangu."

Loh! Mzee mzima, mvi kichwa kizima, anadanganya kama mtoto aliyemaliza sukari. Wiki iliyofuata akafanya tena, na nyingine tena. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Simu zikawa fupi: "Toa tiki, Baba, niko kazini." Ya mwisho binti alipiga kwa furaha. "Nimekuongezea nafasi mara kumi. Weka folda zote. Haitakusumbua tena."

"Ahsante, mwanangu," akasema Rula. Angesema nini? Mtu amekufungia mlango kwa wema, utamlaumu vipi?

Mwezi mzima ukapita wa kijani. Asubuhi moja, kwa hasira na upweke, akafungua orodha na kuiondolea tiki folda ya Mama. Kama hakuna anayetazama, iwe ndani iwe nje, nani atajua? Folda yenyewe ingebaki kwenye kompyuta yake, lakini kule kwenye hifadhi ingefutika. Saa nne ikafika. Kijani. Kazi imekamilika, mashine ikaandika.

Akajiona amemtoa mkewe nje na kufunga mlango. Mchana aliacha chakula mezani. Jioni akashindwa, akarudi kwenye kompyuta airudishe. Mkono uko kwenye kipanya, simu ikalia.

"Baba." Hata shikamoo hakuna. "Mama yuko wapi?"

"Umejuaje? Si alama ni ya kijani?"

Binti akavuta kamasi. "Huwa namsikiliza kila jioni nikitoka kazini. Ile anayokuuliza kama umekumbuka chumvi. Leo nimefungua, hakuna kitu."

Rula akaketi. "Kila jioni? Na mimi mbona hunipigii?"

"Nikikupigia nasubiri useme 'haya, mama yako huyu hapa.' Najua huwezi kusema tena. Lakini nasubiri, Baba, kila mara. Halafu sijui niseme nini."

Miaka yote ile ya sekunde kumi ilimrudia Rula kwa pamoja, na ikamuuma.

"Ni mimi niliyeitoa," akasema. "Hata Mpira ilikuwa mimi. Nilitaka upige."

Binti akacheka huku analia. "Irudishe, Baba. Tafadhali."

Akatia tiki, akabonyeza. Folda ilikuwa ndogo, sauti thelathini na mbili tu. Dakika nne zingetosha. Rula, mtu asiyewahi kukosea kipimo, akakohoa kidogo.

"Itachukua kama saa nzima, mwanangu."

Na binti, ambaye kazi yake ndiyo hiyo, na aliyeujua ukubwa wa folda ile kuliko baba yake, akasikika akivuta kiti.

"Sawa, Baba. Nasubiri."