Hewa Niliyoipeleka Nairobi

Katika ofisi yetu ya afya pale Lodwar, mimi peke yangu ndiye niliyejua kutumia pampu ya kupimia hewa, na sikumruhusu mtu yeyote asahau. Nilikuwa nimepelekwa Nairobi kwa mafunzo ya wiki mbili, nikarudi na cheti na kiburi. Wenzangu waliohangaika na vyoo na chanjo walinitania kwamba serikali imenilipia nauli nije kupima upepo Turkana, mahali ambapo upepo hauna haja ya kutafutwa. Nilicheka nao, lakini moyoni niliwaona washamba. Naanza na hili ili ijulikane mapema ni mtu wa namna gani anayesimulia.

Ilikuwa miaka ya tisini, na kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilikuwa inapanuka kila uchao. Watu wakiongezeka, majengo nayo huongezeka, na majengo yanataka kokoto. Nje kidogo ya mji wa Kakuma mkandarasi mmoja alikuwa ameweka mashine ya kusaga mawe. Wanaume, wengi wao wakimbizi kutoka kusini mwa Sudan, waliilisha mashine mawe, na wanawake wa Kiturkana wakachekecha kilichotoka. Ukitokea barabarani, uliliona wingu la vumbi kabla hujaiona mashine yenyewe.

Mmoja wa wale wanawake alipanda lori hadi Lodwar kuja kutuona. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, shanga zimejaa shingoni, na alikaa kwenye benchi letu tangu asubuhi hadi nilipopata nafasi ya kumsikiliza. Nafasi nilikuwa nayo tangu mapema, ila nilitaka aone kwamba nina kazi nyingi.

"Ejok, daktari," alinisalimu kwa Kiturkana. Sikuwa daktari, sijawahi kuwa, na sikumsahihisha. "Hii vumbi ya mashine inatumaliza. Mimi nakohoa tangu mvua ile ingine. Wenzangu pia. Tulimwambia msimamizi amwage maji kwa mawe kila siku, na atupatie kitu ya kufunika mdomo. Yeye anasema maji ni kazi kubwa, kwanza tulete karatasi ya serikali."

Hicho ndicho alichokitaka: maji, kitu cha kufunika mdomo, na karatasi ya kuvileta. Alikohoa mara mbili tatu akiwa anaeleza, na kila mara aliniomba radhi. Nilimwambia karatasi atapata.

Kupima vumbi la namna ile si kuangalia kwa macho. Mfanyakazi hufungwa kiunoni kipampu kidogo kama nusu tofali, na mrija wake hupanda hadi kwenye kola ya shati, karibu na pua. Mwisho wa mrija kuna kikopo chenye karatasi nyeupe ya kuchujia. Pampu huvuta hewa siku nzima, na vumbi hubaki kwenye karatasi. Lodwar hatukuwa na mizani ya kupima kitu chepesi hivyo, wala mtu wa kutambua ni vumbi la aina gani. Kwa hiyo vichujio vilitumwa kwenye maabara moja ya kulipiwa Nairobi, pamoja na kimoja ambacho hakikutumika, ili wakilinganishe na vingine. Maabara haikuwahi kuliona eneo la kazi. Ilichojua ni vile vichujio, na fomu niliyoijaza mimi.

Nilituma habari kupitia dereva wa lori kwamba nitafika Kakuma Alhamisi. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, kwa maana mpimaji hatakiwi kujitangaza. Lakini nilitaka nikute watu wamekusanyika.

Nilikuta zaidi ya watu. Wale wanawake, waliposikia kwamba daktari anakuja kwa ajili yao, waliamka alfajiri wakashuka kwenye laga, ule mto mkavu, wakachimba mchangani na kubeba maji kwa jerikeni. Walimwagia uwanja wote, wakamwagia rundo la mawe, wakamwagia njia nilimopaswa kupita, kisha wakafagia kwa matawi. Kiti kiliwekwa chini ya turubai. Mashine ilikuwa inanguruma na mawe yanasagika, lakini hewa ilikuwa imetulia kama ya uwanja wa kanisa siku ya harusi.

"Mgeni hawezi kuingia kwa vumbi," yule mama aliniambia akicheka, mikono ingali na tope. "Hata kama vumbi ndiyo imemleta."

Nilijua papo hapo. Sitaki kujisingizia kwamba nilielewa baadaye. Tulifundishwa siku ya kwanza kabisa ya mafunzo kwamba siku ya kupima lazima ifanane na siku nyingine, la sivyo unapima kitu kisichokuwepo. Nilitakiwa kusema tu, "Asanteni sana mama, lakini leo hatupimi. Tutasubiri pakauke." Wangecheka, wangenielewa.

Sikusema. Gari lilikuwa langu kwa siku moja tu, na kulipata tena kungenilazimu kumwambia mkubwa wangu kwamba nilijitangaza. Tena, na hili ndilo linaloniuma zaidi, nilipendezwa. Nilitoka kwa watu ambao kwao sikuwa chochote, mtoto wa sita katika nyumba ya watoto tisa, na hakuna aliyewahi kuninyunyizia maji njiani. Nilikaa kwenye kile kiti. Nililetewa chai ya maziwa mengi. Niliwafunga pampu wanawake wanne, yule mama akiwa wa kwanza, naye alisimama wima bila kutikisika mpaka nikamwambia anaweza kupumua.

Saa sita ardhi ilianza kukauka, na vumbi likaanza kurudi kidogo kidogo. Nikainama kuliangalia. Waliponiona nimekazia macho chini, walidhani sikuridhika. Wawili waliokuwa hawana pampu walikimbia laga wakaleta maji mengine. Nikashukuru kwa kichwa.

Fomu ya maabara ilikuwa na mstari mmoja wa kueleza hali ya eneo siku ya kupima. Niliandika "kawaida". Kisha nikavipakata vile vichujio mapajani hadi Lodwar visitikiswe, nikiwaeleza abiria wenzangu garini kwamba vifaa vya kisayansi havitaki mchezo.

Wiki kadhaa baadaye simu ya ofisi ililia, nikaitiwa. Alikuwa mwanamke wa maabara. Sauti yake ilikuwa ya mtu mpole aliyechoka.

"Hivi vichujio vyako vinne karibu vilingane na kile ambacho hakikutumika," alisema. "Umeandika hapa ni mashine ya kusaga mawe. Ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa inafanya kazi."

"Kulikuwa na mvua? Au walimwaga maji? Nikiambiwa kulikuwa na maji nitaandika kwamba kipimo hakifai, mrudie. Si kosa kubwa, hutokea."

Mkubwa wangu alikuwa amesimama mlangoni akisubiri simu. Yule mwanamke wa maabara alikuwa amenifungulia njia upana wote, na kilichobaki kilikuwa ni mimi kupita tu.

"Hapana," nilisema. "Turkana hakuna maji ya kumwaga ovyo, dada."

Alicheka kidogo, akasema basi sawa, atapeleka majibu. Niliishi Lodwar zaidi ya mwaka mzima baada ya simu ile. Namba ya maabara ilikuwa ukutani, na pampu ilikuwa kabatini mwangu. Kila juma nilijiambia nitapiga, na kila juma nilipata sababu. Kisha nikahamishwa, na nilifurahi kuhamishwa.

Majibu yalipokuja, muda mfupi baada ya simu ile, niliyapeleka mwenyewe Kakuma, kwa vile nilikuwa nimeahidi karatasi. Safari hii sikutuma habari. Nilifika mchana, nikalikuta lile wingu lenyewe. Wanawake walikuwa weupe kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, na koo langu lilianza kuwasha kabla sijashuka garini. Msimamizi alizima mashine, akanyoosha mkono, akaisoma barua haraka, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Si niliwaambia? Serikali imesema hewa ni nzuri. Hakuna haja ya maji."

Yule mama alikuja mbele. Kusoma hakujua, kwa hiyo aliniomba mimi nimsomee pole pole. Nikamsomea, macho yangu yakiwa kwenye karatasi, kwamba vumbi lililopatikana liko chini sana ya kiwango kinachoruhusiwa, na kwamba wafanyakazi hawahitaji kinga yoyote ya ziada. Aliuliza kama hiyo karatasi imeandikwa na mashine ya Nairobi. Nilimwambia ndiyo. Alijifuta uso kwa ukingo wa shuka.

Mwenzake mmoja alisema jambo kwa Kiturkana, kwa hasira, akionyesha ardhi kwa kidole. Mama akamkatiza. Waliongea kwa muda, sauti zikipanda, na dereva wangu, ambaye ni mtu wa huko, alianza kutazama viatu vyake. Nilimuuliza wanasema nini.

"Yule mwingine anasema siku ile ulipima maji yao, hukupima vumbi," alinijibu kwa sauti ya chini. "Huyu mama anamkataza. Anasema wewe ni mtu umesoma, kama maji ilikuwa mbaya ungewaambia."

Wanawake wakaanza kurudi kwenye machekecheo yao. Mama alibaki. Alikohoa kwanza, kikohozi kirefu kilichomwinamisha, akashika goti mpaka kikapita. Kisha akanipa mkono.

"Utusamehe, daktari," alisema. "Tumekusumbua bure."

Nikamjibu, "Si kitu, mama."