Rosebella Nangila hapaki rangi juu ya mafuta

Jua halijafika kwenye mabati ya jirani, na Rosebella Nangila tayari amepiga magoti ndani ya Pijo isiyo na viti. Kando yake kuna sufuria ya maji moto yaliyokorogwa magadi. Anachovya brashi ya kufulia, anasugua sakafu ya gari, na povu linatoka la kijivu. Analifuta kwa kitambaa, anainama kunusa chuma, kisha anasugua tena palepale.

Viti vimeegemezwa ukutani na kufunikwa magunia. Skrubu zote zimo katika mikebe ya maziwa ya unga, kila mlango na mkebe wake. Ni ua wa nyumba ya kupanga nyuma ya maduka ya mjini Eldoret, na wapangaji wenzake wamesogeza kamba za nguo upande mmoja ili gari lipate nafasi.

"Leo Alhamisi," anasema bila kuinua kichwa. "Jumamosi bibi arusi anapanda humu na gauni jeupe. Rangi ikiwa mbichi, gauni ndilo litaikausha."

Gari ni la Mzee Waweru, mwenye duka na mjumbe katika kampuni ya kununua mashamba. Alilinunua kwa mkulima mzungu wa upande wa Ziwa aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Nje linang'aa. Ndani lilikuwa limebeba mbwa, ndama na mikebe ya maziwa kwa miaka mingi, na kutu ilikuwa imeanza kula sakafu. Sasa Waweru anamwoza binti yake Virginia, na anataka gari liwe safi nje na ndani.

Kwa Rosebella kuna zaidi ya harusi. Waweru ana kona ya ploti kule Kimumu ambayo yuko tayari kumuuzia, alipe kidogo kidogo. Fundi cherehani mmoja, Kimeli, anaitaka kona hiyohiyo, na yeye ana pesa mkononi. Waweru alimwambia Rosebella, "Nionyeshe gari kwanza."

Rosebella anaitaka kona hiyo kwa sababu moja: paa. Hapa mjini anafanya kazi chini ya mawingu. Asubuhi ni vumbi, mchana ni mvua. Mwezi wa Aprili mvua ya mawe iliangukia rangi aliyoimaliza kupaka, akarudia gari zima kwa gharama yake. Hutoza shilingi mia moja na ishirini kwa gari moja, na karibu nusu huishia kwenye rangi, thina ya kuizimulia na msasa. Akirudia kazi, amefanya bure.

"Mume wangu ana mshahara," anasema. "Mimi nina mvua."

Mumewe Khisa, karani katika stesheni ya reli, anacheka kutoka mlangoni. Ameshazoea.

Kazi hii Rosebella aliiona kwanza katika shamba la ngano alikokuwa yaya. Mama mwenye nyumba alikuwa na mashine ya stima ya kufyonza vumbi, na wikendi aligeuza bomba lake, akalichomeka nyuma ya mashine ili lipulize badala ya kufyonza, akafunga kichupa cha rangi mwishoni na kupaka viti vya bustani. Yaya alishika kichupa. Baada ya uhuru familia ile iliuza kila kitu kwa mnada. Wanaume walishindania plau na matangi ya maji. Rosebella alinyoosha mkono kwa ile mashine na hakuna aliyempandishia bei.

"Walinicheka mpaka njiani," anakumbuka. "Wakasema, mwanamke amenunua ufagio wa stima, na kwake hakuna stima."

Stima alikuja kuipata alipohamia mjini. Alianza na vitanda vya chuma, kisha kabati za shule, kisha gari la mwalimu mmoja ambalo watoto walikuwa wamelitapikia kwa muhula mzima. Rangi ya nje aliwaachia mafundi wenye mitambo mikubwa. "Nje ni ya majirani," anasema. "Ndani ni ya mwenye gari. Ndani ndiko mtu anakokaa."

Kuhusu matayarisho hana mzaha. Hutoa kila kitu kinachofunguka. Hukwangua kutu mpaka chuma king'ae, husugua kwa msasa na maji, hukausha, ndipo hupaka rangi ya kwanza ya kushika chuma. Vioo huvipaka sabuni ya mche, akabandika magazeti juu yake, na rangi ikiruka huoshwa pamoja na sabuni. Mdomo na pua hufunga kwa leso. Jiko la makaa huliingiza garini kukausha maji tu, na huliondoa mbali kabla ya kufungua mkebe wowote. "Watoto wangu nataka wawe na mama," anasema.

Basi, kwa nini magadi leo, wakati Jumanne alikuwa amefika kwenye rangi?

Jumanne rangi ilikataa. Ilipogusa sakafu ilijivuta na kujikunja, ikaacha matundu kama macho, mfano wa maji juu ya jani la sukuma. Rosebella alibeba mkebe wa thina hadi duka la vifaa la Wanyama, akamwambia mbele ya wateja kwamba anauza thina iliyochanganywa na mafuta ya taa. Wanyama alichovya brashi kwenye rangi ileile na thina ileile, akapaka mfuniko wa debe. Rangi ikalala sawasawa.

"Mama Seline," Wanyama akamwambia, akimwita kwa jina la mwanawe, "uende ukanuse gari lako."

Akaenda akanusa. Kwenye mikunjo ya chuma kulikuwa na harufu ya chapati. Alimwita Waweru, naye akaja na mkewe, Nyaguthii.

"Mzee, ulipotoa viti kabla ya kuniletea gari, ulipaka nini humu?"

"Sikupaka kitu."

"Mzee."

Waweru akatazama viatu vyake. "Mafuta ya kupikia. Kidogo. Chuma kilikuwa uchi na mvua inanyesha. Kwani jembe lako unalitunza vipi?"

"Jembe langu silipaki rangi."

Nyaguthii akashika kiuno. "Kumbe ndiko lilikoenda debe langu! Wageni wa mahari wakala viazi vya kuchemsha."

"Paka tu juu yake," Waweru akasema. "Nani atainama kuangalia?"

"Gauni la Virginia litaangalia."

"Ukichelewa nitakodi gari la mtu. Na ile kona nitampa Kimeli."

"Mpe," Rosebella akajibu. "Lakini juu ya mafuta sipaki."

Alisema hivyo, kisha akaenda kwa Wanyama kumwomba radhi, tena mbele ya wateja, kwa kuwa ndivyo alivyomtukana. Akarudi, akatoa rangi yote, akawasha moto wa kuchemsha maji ya magadi.

Alhamisi hiyo mchana gari lilikuwa kavu na halina harufu. Rangi ya kwanza ikalala. Ijumaa asubuhi jua likatoka, akapuliza rangi ya maziwa, milango yote ikiwa wazi. Jioni alivua kitambaa chake cheupe cha kina mama wa kanisa, akakikunja na kukisugua kila mahali ambapo gauni lingegusa. Kilitoka safi, isipokuwa chini ya mlango wa nyuma wa kushoto, mahali kivuli kilipokaa siku nzima. Hakupaficha. Viti viliporudishwa, alimwambia Nyaguthii wazi: "Kushoto bado. Bibi arusi aingilie kulia."

Jumamosi, mbele ya kanisa, shangazi mmoja mwenye haraka alimsukuma Virginia kwenye mlango wa kushoto, kwa sababu mpiga picha alisimama upande huo.

"Kulia!" Rosebella akaita kutoka nyuma ya kwaya.

Watu wakacheka. Nyaguthii akakusanya gauni kwa mikono miwili, akamzungusha binti yake nyuma ya gari kama anayehamisha mtungi wa maji, akamwingiza kulia. Baada ya karamu aligeuza gauni hilo ndani nje. Doa alilolipata lilikuwa la mchuzi.

Jumapili Waweru aliwapakia Rosebella na Khisa katika Pijo hiyo mpaka Kimumu. Akasimama kwenye jiwe la mpaka, akasema, "Kimeli nitamtafutia kwingine."

Sasa mabati ya kwanza yako chini ya kitanda cha Rosebella. Paa la magari litatangulia, nyumba ifuate.

"Na sisi tutalala wapi?" Khisa anauliza.

"Tuko na nyumba ya kupanga. Sisi hatuna rangi ya kukauka."

Lango nalo ameshalifikiria. Halitaandikwa jina lake. Ubao ameuchagua, na maneno amemsomea Waweru, ambaye alicheka mpaka akavua kofia: LETA GARI JINSI LILIVYO. USILIPAKE KITU.