Mtani Wangu, Mwalimu wa Ushauri

Shuleni kwetu Tabora, mwanafunzi wa kidato cha sita aliyetaka kujua akasome nini chuo kikuu alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea, na mtu huyo, kwa bahati yangu au kwa mkosi wangu, alikuwa Mzaramo. Mimi ni Mnyamwezi wa Ng'ambo, mtaa wa hapahapa Tabora. Kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujajuana, na mambo yangu yote ya chuo yakaharibikia hapo, au yakatengenekea hapo. Nimejaribu kupambanua ni lipi kati ya hayo mawili na nimeshindwa.

Kwa asiyejua utani wetu, nieleze kidogo. Babu zetu walishuka pwani na misafara, mizigo mabegani, na huko wakakutana na wenyeji, wakagombana, wakapatana, wakazikana. Kilichobaki ni hiki: Mzaramo anaweza kuniambia lolote mbele za watu nami sina ruhusa ya kukasirika. Ninachoweza ni kumjibu. Anaweza kuingia kwenye msiba wetu akajilaza kwenye kitanda cha marehemu akidai apewe wali, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Akinuna mtu, huyo aliyenuna ndiye mkosaji.

Mwalimu huyo alikuwa anafundisha jiografia. Kazi ya ushauri wa vyuo aliongezewa tu. Alikuwa anatukusanya Alhamisi mchana kwenye bwalo ambalo bado linanuka maharage, anatuita mmoja mmoja mbele, unataja tahasusi yako na kozi unayoitaka, naye anasema neno lake. Wote waliobaki wanasikiliza. Hiyo ndiyo ilikuwa huduma yenyewe, na tuliithamini, kwa sababu tulisikia kuna shule ambazo hata hiyo hawana.

Zamu yangu ilipofika nikasimama nikamwamkia.

"Marahaba, mpagazi wangu," akasema. "Mzigo wangu umeutua wapi?"

Bwalo likaangua kicheko. Nami sikutaka kushindwa. "Niliufikisha kwenu, mwalimu, lakini mlikuwa kwenye ngoma, sikupata wa kuupokea."

Akapiga meza kwa furaha. Kisha akaniuliza ninasoma nini. Nikamwambia fizikia, kemia na baiolojia, na kwamba nataka uuguzi.

"Uuguzi? Nani atakubali kuchomwa sindano na Mnyamwezi? Mgonjwa anataka uji, wewe utamlisha matobolwa, afe na viazi vikavu kooni. Wewe mtu wa asali. Nenda kasomee nyuki. Iko digrii kabisa ya nyuki. Wakikuuma wewe, taifa limepona."

Nilicheka. Niseme ukweli, nilicheka kuliko wote. Nilirudi kwenye benchi bado nacheka, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kunizunguka. Hivi kweli iko digrii ya nyuki? Na kama iko, ameniambia nikaisome, au amenitania tu? Na kama amenitania, ushauri wangu uko wapi?

Aliyenifuata alikuwa rafiki yangu tuliyelala naye kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini mimi juu. Kwao ni Ulyankulu. Babu na bibi zake walikuja wakimbizi kutoka Burundi, wakabaki, wakawa wakulima wa tumbaku na mahindi. Alipofika mbele, mwalimu akabadilika. Akakaa sawa kwenye kiti, akashusha sauti. Akamwambia walimu wa fizikia wanatafutwa nchi nzima, achukue ualimu wa sayansi, ni njia ya salama kwa binti kama yeye. Alisema taratibu, na mwenzangu akaandika kila neno.

Wivu ulinishika. Jioni tulipokuwa tunafua nikamwambia, "Wewe mwenzangu umeshapata. Mimi nimeambulia nyuki."

Akaendelea kusugua kola ya shati lake. "Wewe anakutania kwa sababu wewe ni wake," akasema. "Mimi ananisemesha vizuri kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Sisi hapa hatuna mtani."

Sikumwelewa hata kidogo. Nilimwona mtu aliyepewa chakula akalalamika kwamba hakutukanwa.

Nilimpelekea baba suala hilo siku ya kutembelewa, kisha tena likizo ilipofika. Baba ni fundi wa vitanda. Karakana yake iko mbele ya nyumba yetu Ng'ambo, na kila anayepita lazima aruke maranda. Aliishia darasa la saba, na katika maisha yangu yote ya shule alikuwa na swali moja ambalo lilinisaidia kuliko mengi: Mwalimu kasemaje?

"Kasema nyuki," nikamwambia. "Lakini alikuwa ananitania. Ni Mzaramo."

Baba akaacha kuranda. Akacheka, akamtukana mwalimu kidogo kwa heshima ya utani, kisha akasema mtani ndiye anayekwambia kweli, wengine wote wanakuogopa. Nikapata nguvu. Kesho yake, akipima mbao za mninga zilizokuja kutoka Kaliua, akasema bila kuniangalia kwamba uuguzi ndiyo kazi, maana nyuki hata babu yangu alikuwa nao na hakwenda chuo. Nguvu zikaniisha. Nikamwuliza sasa tushike lipi. Akasema, "Si nimekwambia umsikilize mwalimu?"

Basi nikaamua kumbana mwalimu. Nilimfuata ofisini kwao, anasahihisha madaftari, walimu wengine wamejaa. Nikaanza, "Mwalimu, ile habari ya nyuki..."

"Wamekuuma tayari?"

Ofisi nzima ikacheka. Nami nikajibu kitu, maana kunyamaza ni kushindwa, wakacheka tena, nikatoka nje mikono mitupu. Nilikasirika sana, na hasira yenyewe ilikuwa haramu. Kumwambia mtani wako "sitaki utani" ni kumwambia hamjuani. Ni tusi. Sikulelewa hivyo. Kwa hiyo kila nilipomhitaji mwalimu nilimkuta mtani, na mtani hakuwa na ofisi ya ushauri.

Siku moja wakaja wageni wa vyuo. Walipanga meza uwanjani, wakatugawia kalamu na vipeperushi vyenye picha za wanafunzi wanaocheka kwenye nyasi za kijani. Kila meza ilisema chuo chake ndicho bora. Nilizunguka zote nikarudi bwenini na kalamu nyingi na akili kidogo kuliko niliyoondoka nayo. Uuguzi walikuwa nao. Na chuo kimoja, kwenye kona ya chini ya kipeperushi, walikuwa na nyuki. Moyo ulinidunda, na nikajikasirikia kwa kudundwa na moyo kwa jambo la mzaha.

Tulimaliza mitihani, tukapelekwa mafunzo ya jeshi kama wenzetu wote, matokeo yakatoka, nikawa nimefaulu vizuri. Maombi ya chuo niliyafanyia kwenye steshenari moja pale Gongoni, nimekaa kwenye stuli nyuma ya mhudumu huku foleni inanipumulia shingoni. Chuo cha kwanza nikamtajia uuguzi. Chuo cha pili nikataja uuguzi tena, kisha maabara. Akasema mashine inataka chaguo la tatu, haikubali paachwe wazi. Watu nyuma wakaanza kuguna. "Weka nyuki," nikasema, na nikatabasamu kana kwamba mwalimu yuko pale ananisikia.

Majibu yalipokuja yalinikuta nafagia maranda. Vyuo vyote viwili vilinichagua: kimoja uuguzi, kingine nyuki. Ujumbe ulisema nithibitishe kimoja tu kabla dirisha halijafungwa, la sivyo nafasi zote mbili zinapotea. Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Mimi niliketi kwenye ubao, ufagio bado mkononi.

Rafiki yangu wa Ulyankulu hakuwa na taabu hiyo. Alinipigia simu siku hiyohiyo, sauti imejaa kicheko: ualimu, chuo kimoja, ameshathibitisha. Mama yake alikwenda kutoa shukrani kanisani.

Baba alisoma ujumbe wangu kwa sauti, neno kwa neno, akanirudishia simu. "Kamwulize mwalimu wako," akasema. "Atakachosema ndicho hichohicho. Mimi nitakusubiri."

Nilimkuta mwalimu kwenye chumba cha ramani, anakunja ramani ya Afrika iliyochanika kwenye mkunjo. Aliponiona uso ukachangamka. "Ah, mpagazi! Umekuja kudai ujira wa..."

"Mwalimu," nikamkatiza, "naomba leo utani tuuweke pembeni. Nisamehe sana. Lakini naomba."

Ramani ikabaki mikononi mwake. Nilidhani atanifukuza. Akanionyesha kiti, naye akakaa kwenye sanduku la vitabu. Nikamweleza yote: vyuo viwili, dirisha linalofungwa, baba anayesubiri.

Aliinyoosha ramani magotini, akaikunja tena. Kisha akasema, "Ukiuondoa utani, mtani wangu, mimi sijui."

Akaendelea, polepole, kwa sauti ileile aliyomsemesha nayo mwenzangu bwaloni. "Mimi nilisomea ualimu wa jiografia. Hospitali naijua nikiumwa. Mkuu wa shule alisema lazima awepo mwalimu wa ushauri, akaniangalia mimi kwa sababu naongea sana. Nilipewa kitabu cha vyuo, nikakisoma. Nyuki wamo, sikukudanganya. Nilikutajia ili watu wacheke. Na kidogo kwa sababu ulivyotamka uuguzi niliona kama unasoma kitu ukutani. Lakini hilo la pili sina hakika nalo. Huenda nimelitunga sasa hivi kwa sababu unaniangalia hivyo."

"Na mwenzangu wa Ulyankulu?" nikamwuliza. "Yeye ulimwambia bila kusita."

"Nilimwambia ualimu kwa sababu ualimu ndio ninaoujua. Ndio nilioupitia."

"Lakini ulisema kama mtu mwenye hakika."

Akaiangalia ramani. "Wewe naweza kukuchezea, ukanijibu, ukaondoka unajua hukupewa neno la mwisho. Yule si mtani wangu. Ningemwambia sijui, angeona shule nzima haimtaki. Ningefanyaje?"

Sidhani alikuwa ananiuliza mimi. Nilimshukuru, nikamuaga. Mlangoni alitaka kusema kitu, nikaona mdomo unajiandaa kwa mzaha, akauacha.

Njiani kurudi Ng'ambo sikuona watu wala maduka. Nilikuwa na huzuni, nilikuwa na hasira, na juu ya yote nilikuwa namwonea huruma, jambo ambalo sikulipanga. Nilitoa simu nimpigie rafiki yangu. Nikakumbuka kicheko chake na mama yake kanisani. Ningemwambia nini? Kwamba mwalimu alibahatisha? Na kama alibahatisha vizuri? Nikairudisha simu mfukoni.

Baba alikuwa ameacha kazi. Alikuwa ameketi kwenye ubavu wa kitanda ambacho bado hakijawekwa chaga, miguu imeingia katikati ya fremu, ananisubiri kama alivyosema.

"Kasemaje?"

"Kasema hajui."

Akatabasamu. "Huyo anakutania."

"Hapana, baba. Nilimwomba tuache utani. Ndipo akasema hajui."

Tabasamu likamtoka. Alishika kichwa cha kitanda akakipapasa, mahali ambapo alikuwa ameshapiga msasa. "Na mimi nilikuwa nimemtegemea yeye," akasema.

Nikaketi kando yake. Mteja mmoja akapita akasalimia, baba akamwitikia bila kumwangalia. Nilitamani anipangie. Angesema uuguzi ningekwenda uuguzi, angesema nyuki ningekwenda nyuki, na mambo yakienda mrama ningekuwa na wa kumlaumu. Nilimwambia hivyo kabisa: "Baba, niambie wewe, nitatii."

"Mwanangu," akasema, "tangu darasa la kwanza kila ulipofika nilitafuta mtu aliyetangulia, nikamwuliza. Sasa hivi nikiangalia mbele yako sioni mtu. Mimi niko nyuma, mwalimu yuko nyuma. Sema wewe, sisi tutafuata."

Nilizoea kumfuata baba. Nilimfuata sokoni, nilimfuata kwenda kuandikishwa shule, nilimfuata makaburini. Sikupenda neno lile. Lilinitisha kuliko mtihani wowote.

Niliifungua simu. Nilijaribu kujiona nimevaa sare nyeupe, nikamwona tu msichana anayecheka kwenye nyasi za kipeperushi. Nilijaribu kujiona kati ya mizinga, sikuona chochote kabisa, ila nilitaka kujua kukoje. Hiyo ndiyo sababu yote niliyokuwa nayo, na sijawahi kupata nyingine bora. Nikaandika namba ya siri, nikathibitisha. Jibu likaja papo hapo likinipongeza.

"Umechukua ipi?" baba akauliza.

"Nyuki."

Akatoa miguu kwenye fremu, akasimama, akajikung'uta maranda. "Nyuki," akasema. Akalirudia tena kimya, midomo tu ikicheza. "Na wakimaliza hao, wanaajiriwa wapi?"

"Sijui, baba."

Akaokota randa yake. "Haya," akasema. "Ukifika utatuambia."